Duara, Mwalo na Marudio: Kiswahili cha Ukanda wa Dhahabu na Deni la Wataalamu wa Lugha

Imekuwa desturi katika taaluma ya Kiswahili kuichukua bara kuwa mahali ambapo lugha ilifika, wala si mahali ambapo lugha inatengenezwa. Pwani hutajwa kwa lahaja zake, tendi zake na msamiati wake wa bahari. Bara hutajwa kwa athari za lugha mama, na mara nyingi athari hizo huorodheshwa chini ya kichwa cha makosa. Mtazamo huo umesaidia katika kuandika historia ya lahaja, lakini umekiacha nje ya maktaba Kiswahili kingi kinachofanya kazi kila siku. Mfano ulio wazi ni ule wa ukanda wa madini unaoanzia Mwadui na Shinyanga, ukapita Kahama na Bulyanhulu, ukafika Geita karibu na ukingo wa Ziwa Viktoria. Katika ukanda huo mna historia ndefu ya uchumi, mna utamaduni ulioandikwa sana na wanaanthropolojia, na mna Kiswahili ambacho karibu hakijaandikwa na mtu yeyote.

Makala haya yanadai kwamba pengo hilo si la kitaaluma tu. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji wa haki mahakamani. Tangu hapo kila istilahi ya uchimbaji inayoingia katika sheria, kanuni, leseni au hukumu kwa Kiswahili inagusa mali ya mtu. Ikiwa wataalamu wa lugha hawajui maneno ambayo wachimbaji wenyewe wanayatumia kugawana mawe, watabuni mengine wakiwa ofisini, na mchimbaji ataletewa sheria ya nchi yake katika lugha yake mwenyewe ambayo haielewi.

Inafaa kuanza na neno moja ambalo limeleta madhara bila kutambuliwa, nalo ni "ugunduzi". Katika vitabu vingi vya shule na taarifa za kampuni, historia ya madini kusini mwa Ziwa huanza na Wajerumani waliotafuta dhahabu katika miaka ya 1890, ikaendelea na mgodi wa Sekenke huko Iramba, ambao dhahabu yake ilitumiwa Tabora mwaka 1916 kufulia sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Kisha huja John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aliyeikuta almasi ya Mwadui mwaka 1940. Masimulizi hayo ni ya kweli kwa sehemu yake. Kasoro ni kwamba kitenzi "gundua" kinapotumika humweka msomaji mahali ambapo kabla yake hapakuwa na mtu aliyeijua ardhi.

Lakini Uzinza, yaani sehemu kubwa ya Geita ya leo, ulikuwa nchi ya wafua chuma. Wahunzi Warongo waliyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa na viriba, na majembe yao yalisafiri hadi Usukuma na Unyamwezi, ambako yalilimia mashamba na pia yalitolewa mahari. Jembe lilikuwa chombo, lilikuwa bidhaa, na kwa kiasi fulani lilikuwa fedha. Kusini yake, Usumbwani, palitoka wafanyabiashara waliofuata shaba hadi Katanga. Mmoja wao, Msiri, alijenga huko dola ya Garenganze yenye makao yake Bunkeya, akatawala biashara ya shaba na pembe hadi alipouawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa na Dola Huru ya Kongo. Wafuasi wake, Wayeke, wapo hadi leo. Kwa hiyo, nusu karne kabla ya mzungu wa kwanza kupiga nyundo mwamba wa Geita, watu wa sehemu hizi walikuwa wamekwisha kujua kwamba jiwe lina thamani, kwamba thamani hiyo huongezeka kwa safari, na kwamba mwenye njia humshinda mwenye shimo. Ni jambo la kusikitisha kwamba mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anaweza kumaliza shahada yake akiwa amesoma safari za Tippu Tip mara mbili na asiwe amemsikia Msiri.

Funzo hilo la mwisho, la njia na shimo, lilijirudia katika pamba. Wakulima wa Kanda ya Ziwa waliiita pamba "dhahabu nyeupe", na tamathali hiyo haikuwa pambo. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 malalamiko yao makubwa hayakuhusu bei peke yake, yalihusu mizani. Mnunuzi alipima mwenyewe, akasoma mwenyewe, akalipa alichosoma. Wakulima walianza kwa kuajiri wapimaji wao wenyewe wa kusimama kando ya mizani ya mnunuzi. Kutoka hapo kilikua chama, na chini ya uongozi wa Paul Bomani kikazaliwa mwaka 1955 Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria, ambacho kabla ya Uhuru kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika vya Waafrika katika bara zima. Wananchi wa Geita waliopinga baraza la rangi mchanganyiko mwaka 1958 walikuwa watu waliokwisha kujifunza siasa kwenye mizani hiyo.

Hapa ndipo historia ya uchumi na historia ya lugha hukutana. Mkulima alipodai mpimaji wake alikuwa akidai haki ya kusoma. Namba kwenye mizani ilikuwa lugha, na lugha hiyo ilikuwa ya upande mmoja. Mwaka 2019 Serikali ilipoanzisha masoko ya madini, Geita ikiwa ya kwanza, ilikuwa inajibu dai lile lile baada ya miaka karibu sabini: mchimbaji mdogo auze mahali penye mizani inayoonekana, bei inayotangazwa na afisa anayeandika, badala ya kumfuata broka chumbani. Mwaka huo huo kodi ya zuio ya asilimia 5 na kodi ya ongezeko la thamani zilifutwa kwa wachimbaji wadogo ili soko liwe na mvuto. Wanauchumi wameyachambua masoko hayo kwa hesabu za mapato. Hesabu hizo zina umuhimu wake, ila hazielezi kwa nini mzee wa Kisukuma aliyekuwa na shamba la pamba angeelewa jengo la soko la Geita bila kufafanuliwa.

Kuhusu Mwadui hakuna haja ya kusema mengi, kwa kuwa mgodi huo umesimuliwa sana, hasa kwa sababu ya almasi ya waridi ya mwaka 1947 iliyopelekwa kwa Malkia Elizabeth, wakati huo akiwa bado binti wa mfalme anayeolewa. Baada ya Williamson kufariki mwaka 1958 mgodi uliuzwa kwa De Beers na serikali ya kikoloni kwa hisa sawa. Baadaye ukawa wa taifa. Mwaka 1994 De Beers wakarudi, na mwaka 2009 ukaingia Petra. Linalostahili kutazamwa na wanaisimu ni tofauti iliyopo kati ya Mwadui na Geita. Mwadui ulikuwa mji wa uzio. Kazi yake iliendeshwa kwa Kiingereza juu na Kiswahili cha amri chini, na mtu wa nje hakuruhusiwa kuokota hata kokoto. Mji wa namna hiyo hauzai msamiati mwingi wa wananchi, maana wananchi hawana cha kukipa jina. Msamiati ulizaliwa Geita, Kahama na kwingineko ambako mtu wa kawaida alichimba mwenyewe.

Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Wawekezaji waliporudi katika miaka ya 1990, waliwakuta watu mashimoni: Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza, Waha, Wahaya, Wakurya na wengine, wote wakielewana kwa Kiswahili kwa sababu hapakuwa na lugha nyingine ya kuelewana. Mwanzoni mwa miaka hiyo Benki Kuu ilikuwa imeanza kununua dhahabu moja kwa moja kutoka kwao. Lugha iliyoundwa katika kipindi hicho ndiyo kiini cha makala haya, na ni vema maneno yake machache yachunguzwe kwa utulivu.

La kwanza ni "duara". Mwalimu wa hisabati hufundisha kwamba duara halina pembe. Katika machimbo ya Geita duara ni shimo la kuchimbia, na mara nyingi lina pembe nne, kwa kuwa limeshikiliwa na miti iliyopangwa mraba kutoka mdomoni hadi chini. Miti hiyo huitwa "matimba", na kazi ya kuipanga ni "kupiga timba". Msikilizaji mwenye haraka atacheka kwamba hawa watu hawajui umbo. Ukweli ni kwamba neno limekwisha kuacha umbo na kuwa jina la taasisi. Duara ni shimo pamoja na mkataba wake. Kuna mwenye leseni, ambaye Serikali inamjua. Kuna "mwenye duara", ambaye amepewa na mwenye leseni mahali pa kuchimba, naye hutoa chakula, kamba, baruti, pampu na miti. Kuna wachimbaji wanaoingia chini. Fedha haitajwi. Kinachogawanywa ni mawe yenyewe, kwenye viroba, mdomoni mwa shimo, kabla ya mtu yeyote kujua yana dhahabu kiasi gani. Mafungu hutofautiana kutoka machimbo hadi machimbo, lakini kanuni ni moja: kila mmoja huchukua sehemu ya bahati, si sehemu ya mshahara. Mtafiti anayeandika kwamba mwenye duara ni "mwajiri" na wachimbaji ni "vibarua" amekwisha kuharibu taarifa yake katika sentensi ya kwanza.

La pili ni "mwalo". Kwenye Ziwa, mwalo ni mahali ambapo mitumbwi hutia nanga, samaki wakapimwa na kuuzwa. Kwenye machimbo, mwalo ni mahali ambapo mawe yaliyosagwa kwa karasha huoshwa, dhahabu ikakamatwa kwa zebaki na kuchomwa. Inaelekea neno limepanda kutoka ufukweni, ingawa uhusiano huo bado unahitaji kuthibitishwa kwa ushahidi wa uwandani. Ikiwa ni hivyo, basi wachimbaji walihamisha jina la mahali ambapo mali iliyotoka gizani huonekana kwa mara ya kwanza, na ambapo watu wengi wenye madai madogo madogo hukutana: mwenye maji, mwenye mashine, mama lishe, broka. Athari za zebaki kwenye mialo ya Geita si siri. Kijiji cha Rwamgasa kilifanyiwa uchunguzi katika mradi wa kimataifa wa zebaki ulioanza mwaka 2002, na matokeo yake yamo katika taarifa nyingi za Kiingereza. Ni vigumu kupata taarifa iliyo sawa nazo kwa uzito kwa lugha ambayo mwoshaji wa Rwamgasa anaisoma.

La tatu, na huenda ndilo lenye uzito kuliko yote, ni "marudio". Mchanga uliokwisha kuoshwa mara moja bado una dhahabu, kwa sababu zebaki hukamata sehemu tu ya iliyomo. Mchanga huo ndio marudio: kitu kitakachorudiwa. Katika sehemu nyingi mchimbaji haondoki nao. Hubaki kwa mwenye karasha au mwenye mwalo kama sehemu ya malipo, kisha huuzwa kwa wenye mitambo ya kuchenjulia kwa sayanaidi, ambayo huvuna kile ambacho zebaki ilikiacha. Kwa hiyo mchimbaji hulipa mara mbili, na mara ya pili hulipa kitu ambacho macho yake hayakioni. Neno lenyewe linamweleza hivyo waziwazi. Ni nadra kupata istilahi ya kiuchumi iliyo nyofu kiasi hicho. Kitu hicho hicho kinapotoka mgodi mkubwa huitwa "tope". Bwawa la Mwadui lilipopasuka Novemba 2022 na kufunika mashamba na nyumba, magazeti yaliandika tope, na hayakukosea, kwani kwa aliyefunikiwa shamba lilikuwa tope. Lakini mwanaisimu anapaswa kuuliza ni kwa nini masalia ya mnyonge yana jina linaloahidi thamani na masalia ya tajiri yana jina la uchafu.

Halafu kuna "magwangala". Haya ni mawe ambayo mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza kuzalisha mwaka 2000, huyatupa kwa kuwa dhahabu yake ni kidogo mno kwa mitambo yake. Kwa watu wa vijiji vya jirani dhahabu hiyo si kidogo. Mgogoro juu ya nani ana haki ya kuyaokota ulidumu miaka hadi mwaka 2016 Rais John Magufuli alipoagiza wananchi wapatiwe. Kampuni nayo ilikuwa na hoja zake za usalama na mazingira, ambazo hazikuwa za kupuuzwa. Linalovutia hapa ni kwamba mkuu wa nchi, mkuu wa mkoa, wanasheria wa kampuni na waokotaji wote walilazimika kulitumia neno la waokotaji. Hapakuwa na jingine. Ushindi wa namna hiyo hutokea mara chache.

Kinyume chake ni "makinikia". Mapema mwaka 2017 Serikali ilizuia usafirishaji nje wa mchanga wa madini uliotoka Bulyanhulu na Buzwagi, na makontena 277 yakashikiliwa bandarini Dar es Salaam. Kamati mbili ziliundwa na Rais, zikatoa taarifa zake Mei na Juni, na ndani ya wiki chache nchi nzima ilikuwa ikitamka makinikia. Neno hilo linaonekana kuzaliwa kwa tafsiri ya juu juu. Katika Kiingereza neno moja hutumika kwa kutuliza akili na kwa kukusanya madini yaliyo katika mchanganyiko. Kiswahili cha "makini" na "makinika" kinahusu akili peke yake. Mtafsiri alichukua tawi la kwanza akalipachika kwenye mti wa pili. Kwa asiyejua Kiingereza, shina la neno halimwelezi chochote. Magazeti yalijaribu kumsaidia kwa kusema "mchanga wa dhahabu", na hapo yakaongeza tatizo, maana mwananchi alidhani ni udongo uliozolewa shimoni na kupakiwa ukiwa mbichi. Kumbe ni zao la kiwanda, lililokwisha kuchujwa, lenye shaba, dhahabu na fedha, ambalo husafirishwa ili kuyeyushwa kwa kuwa nchini hapakuwa na kiwanda cha kuliyeyusha.

Si nia ya makala haya kuamua ni nani aliyekuwa na hesabu sahihi kuhusu dhahabu iliyokuwamo. Serikali na Barrick zilifikia makubaliano, kampuni ya Twiga ikaundwa mwaka 2020 Serikali ikiwa na hisa asilimia 16, na malipo ya dola milioni 300 yakakubaliwa. Lakini mjadala mkubwa kuliko wowote wa kiuchumi uliopata kufanyika hadharani kwa Kiswahili tangu Azimio la Arusha uliendeshwa kwa istilahi mbili, moja isiyoeleweka na nyingine iliyopotosha. Machimboni palikuwa na kitenzi "kuchenjua" na nomino zake tayari. Hakuna aliyekwenda kuuliza.

Yafaa kukumbuka kwamba tatizo hili si la Tanzania pekee. Aljeria ilitaifisha mafuta yake Februari 1971, na katika kipindi hicho hicho ikaharakisha kukifanya Kiarabu kuwa lugha ya shule na ofisi. Hata hivyo, lugha ya kazi ya shirika lake la mafuta iliendelea kwa sehemu kubwa kuwa Kifaransa. Taifa likamiliki visima, na lugha ya visima ikabaki ya mwingine. Tanzania ilifanana nayo kwa mengi baada ya 1967, kwa tofauti moja yenye bahati: huku kuna maelfu ya watu wanaochimba kwa Kiswahili. Aljeria haikuwa na wachimbaji wadogo wa mafuta.

Bulyanhulu ndiko gharama ya kutosikilizana ilikoonekana. Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa katika eneo hilo ili kuipisha kampuni iliyokuwa na leseni. Kulikuwa na madai kwamba watu walifukiwa wakiwa hai ndani ya maduara. Serikali na kampuni ziliyakanusha, na ofisi ya kundi la Benki ya Dunia inayoshughulikia malalamiko haikuyathibitisha katika taarifa yake ya mwaka 2002. Wanasheria wa mazingira waliowatetea wachimbaji hawakuridhika na taarifa hiyo. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba upande mmoja ulikuwa na ramani, leseni na sheria ya mwaka 1979 kwa Kiingereza, na upande wa pili ulikuwa na maduara, yaani mikataba ya mdomo isiyo na tafsiri katika lugha ya leseni. Kwenye karatasi eneo lilikuwa la mtu mmoja. Kwa walioishi humo lilikuwa na wenyewe mamia, kila mmoja akijulikana kwa shimo lake na kwa fungu lake.

Wapo watakaopinga hoja hizi. Pingamizi la kwanza ni kwamba maneno ya machimboni ni simo ya kikundi, huzuka na kutoweka, na kamusi haiwezi kukimbizana nayo. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama maneno yenyewe yangekuwa yanatoweka. Duara na mwalo vimekwisha kudumu kwa kizazi kizima na vinatumika hata katika hotuba za mawaziri. Pingamizi la pili hutoka kwa walinzi wa usanifu, wanaosema kwamba karasha, timba na broka ni Kiingereza kilichovikwa kanzu. Ni kweli, na baiskeli je? Ukanda huu umekwisha kuipa nchi maneno yaliyokubaliwa bila mjadala. "Sungusungu" ya Kahama na Shinyanga ya miaka ya mwanzo ya 1980 ilianza kama jina la wanakijiji waliowinda wezi wa ng'ombe, ikaishia kutambuliwa na dola. "Ngitili", neno la Kisukuma la malisho yaliyofungwa ili yaote tena, liliingia katika mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986, na kupitia mradi huo zaidi ya hekta 300,000 za ardhi iliyokuwa ikiitwa jangwa zilirudishiwa miti. Wataalamu wa mazingira hawakusubiri idhini ya kamati ya istilahi. Walikuta neno linafanya kazi wakalichukua. (Kwamba sehemu ya miti ya ukanda huu sasa inashuka maduarani kuwa matimba ni mada ya makala nyingine.)

Pingamizi la tatu ni zito zaidi. Inasemwa kwamba mchimbaji hana haja ya kuchambuliwa. Haja yake ni leseni, mtaji na hospitali. Ni kweli kwamba mtafiti anayekwenda Nyarugusu kuchota maneno na kuondoka hatofautiani sana na broka. Lakini hoja hiyo husahau kwamba leseni yenyewe ni maandishi. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, pamoja na marekebisho yake ya 2017 yaliyopandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 6, humtaja mwenye leseni na wajibu wake kwa marefu. Hapa inafaa kuongeza kwamba wanazuoni wengi wanalijua neno "mrabaha" kama kile ambacho mchapishaji huwadai asiwalipe. Wachache wangeweza kueleza ni kwa nini Serikali nayo inaupokea kutoka mgodini. Mwenye duara, ambaye bila yeye shimo halishuki hata pima moja, hana mahali pake palipo wazi katika muundo huo, na aliye chini yake hana kabisa.

Kazi inayodaiwa kwa idara za Kiswahili, basi, ni ya kawaida sana. Ni kupeleka wanafunzi wa uzamili wakae machimboni msimu mzima, si siku tatu, ili waandike maneno pamoja na mikataba iliyo ndani yake: nani hutamka, nani hulipa, nani hunyamaza. Ni kulinganisha matumizi ya Geita na yale ya Mererani, Chunya na Nyamongo ili ijulikane neno lipi ni la kanda na lipi limekuwa la nchi. Ni kuyaweka matokeo mbele ya wanaofasiri sheria kabla tafsiri haijapigwa muhuri. Dhahabu iliiingizia Tanzania zaidi ya dola bilioni 3 za Marekani katika mauzo ya nje ya mwaka 2023. Hakuna bidhaa nyingine ya nchi iliyokaribia. Tasnifu za Kiswahili kuhusu lugha ya bidhaa hiyo zinaweza kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja, huku zile za majina ya kanga zikizidi kuongezeka.

Na muda si mwingi. Mashauri ya migogoro ya mashimo huanza kwa mwenyekiti wa machimbo, yakapanda kwa ofisi ya madini, na mengine yakafika mahakamani. Shahidi atasimama na kusema kwamba walikubaliana na mwenye duara agawe mawe, lakini marudio yalikuwa yake. Hakimu aliyesomea sheria kwa Kiingereza na sasa anaandika hukumu kwa Kiswahili atalisikia neno hilo kwa mara ya kwanza. Huenda akadhani shahidi anadai kesi isikilizwe upya. Karani ataandika alichosikia, wakili wa upande wa pili hatakuwa na sababu ya kumsahihisha, na mchanga wenyewe utakuwa umekwisha kupakiwa kwenye lori.